Maneno Mawili Tu

Mke wa Mnong'ono aliomba koti la mumewe, akanyimwa. Akaomba tena, akanyimwa tena. Mara ya tatu aliomba huku anapiga pasi, wala hakuinua macho.

"Basi nipe sababu."

"Koti langu ni la kazini."

"Jumapili lina kazi gani?"

Mnong'ono akapandisha sauti. "Waombe wenzako! Kikundi kizima hakina koti?"

"Makoti wanayo. Ila mume ninayemwigiza ana mabega kama yako."

Akaligeuza shati, akaendelea na pasi. Binti yao wa mwisho, aliyekuwa mezani akisoma nusu kwa sauti maneno ya mama yake ya mchezoni, akacheka. Huyo walimwita Kitinda, yaani kitindamimba, kwa sababu baada yake hakuzaliwa mwingine. Dada zake wawili walikwisha kuolewa. Yeye alikuwa chuoni mwaka wa pili, na jioni alimshikia mama yake karatasi za mchezo, akimfuatisha mstari kwa mstari hadi akawa anaujua wote kwa moyo.

"Mpe koti, Baba," alisema. "Wewe mwenyewe utakuwa nyuma ya pazia. Nani atakuona huna koti?"

Kweli, huko ndiko alikokaa. Mchana Mnong'ono alifanya kazi kwenye kiwanda cha uchapaji, kusoma maandishi ya watu kabla hayajachapwa na kuyatoa makosa. Jioni alikuwa mkumbushaji wa kikundi cha maigizo ambacho watu walikiita Pazia Moja, maana pazia lilikuwa moja kweli, na lilifunguka nusu likakwama. Alikaa ubavuni mwa jukwaa na karatasi mapajani, mwigizaji akisahau anampa neno. Kazi hiyo ina adabu zake. Aliyekwama hushika kifungo cha nguo yake. Mkumbushaji anaona, anampa maneno mawili ya mwanzo, kwa mnong'ono ambao hata panya wa ukumbini hashtuki. Mawili tu, yasizidi. La tatu mwigizaji ataliokota mwenyewe. Mnong'ono aliifanya kazi hiyo vizuri hadi jina lake halisi likasahaulika, na hakuwahi kumpa mtu neno lisilo lake.

Mkewe ndiye pekee ambaye hakuwahi kumsumbua. Mwanamke yule hakusahau mstari hata siku moja. Alikuwa na kumbukumbu ya kutisha.

Mchezo wa mwaka huo uliitwa *Nyumba Kichwa Chini*. Wanawake waliigiza wanaume, wanaume wakaigiza wanawake, na nyumba iliyoonyeshwa humo ilikuwa nyumba ya kawaida tu, ya watu wasiopigana wala kulewa. Hicho ndicho kilichowaudhi watu. Mabango yalibandikwa asubuhi, yakachanwa mchana. Kinyozi alimkata Mnong'ono nywele huku akimwuliza, kinyozi na wateja wake wote masikio juu, lini naye watamwona na gauni.

"Mimi niko nyuma ya pazia," Mnong'ono alisema.

"Ndiyo tunachouliza. Huko nyuma unavaa nini?"

Walicheka, naye akacheka nao, kwa sababu wembe ulikuwa shingoni mwake na kwa sababu hakuona kosa. Mazoezini ndiye aliyecheka kuliko wote. Mkewe aliingia jukwaani kama mume, akakohoa mlangoni ili waliomo ndani wajiweke sawa. Akakaa. Akaomba maji, na jagi liko kwenye kiwiko chake. Akaulizwa watoto wako darasa la ngapi, akamtazama mke wake wa mchezoni amjibie. Mnong'ono alicheka hadi machozi yakadondokea karatasi, na wenzake wakatazamana. Nyani haoni kundule. Kila mtu katika kikundi kile alikwisha kumtambua mume yule ni nani, isipokuwa mtu mmoja aliyekaa na maneno yake mapajani.

Alimtambua siku zilipoletwa karatasi za onyesho la uzazi.

Aliyezileta ni Mama Kengele, kiongozi wa kikundi, mwanamke mnene aliyeanza na kumaliza mazoezi kwa kengele ya shule. "Hili tumelitunga sisi wanawake," alisema. "Kila mmoja katoa lake. Lisome, Mnong'ono, utoe makosa."

Alisoma amesimama. Mke yuko kitandani, amejifungua. Mkunga anasema, *Hongera, binti.* Binti wa tatu. Mume anaingia, anakohoa, anasimama miguuni pa kitanda. Halafu mume anasema: *Mungu katupa alichotupa.*

Mnong'ono aliisoma mistari ile tena. Masikio yalimwaka moto. Hakupata kosa la kutoa.

*

"Umewaambia," alimwambia mkewe walipobaki wawili chumbani.

"Nimewaambia nini?"

"Unajua."

"Najua mengi. Sema lipi."

"La hospitali."

Mkewe alikaa ukingoni mwa kitanda, akavua kiatu kimoja, akabaki nacho mkononi. "Umelisoma humo?"

"Sikulisoma."

"Basi sikuwaambia. Nilisema ulisema, 'Mungu katupa alichotupa.' Nimekusitiri, bwana. Wenzangu walisema ya kwao hadi tukalia, mimi nikatoa la uongo."

Neno lenyewe lilikuwa dogo. Siku aliyozaliwa Kitinda, Mnong'ono alifika wodini na koti lake la kazini, akaambiwa ni binti tena, na waume wengine siku hizo walikuwa wakiambiwa hivyo wanageuzia mlangoni. Yeye aliingia. Alijiona muungwana. Alisimama miguuni pa kitanda na kumpoza mkewe kama mtu anavyompoza aliyevunja glasi: "Si kitu, mke wangu. Tutajaribu tena."

Mkewe aligeukia ukutani, akamfunika mtoto masikio. Mnong'ono alidhani ni baridi.

Ilimchukua miaka kulisikia neno lake. Kitinda alikuwa na miaka sita, amejipachika magotini mwa baba yake wakati baba anasoma kazi aliyokuja nayo nyumbani, akaweka kidole kwenye mstari: "Baba, hapa wamesahau herufi." Walikuwa wamesahau kweli, naye alikuwa amepita bila kuona. Alimtazama mtoto yule, kidole kile chenye wino, na neno likamrudia kooni kama chakula kibaya. *Si kitu.* Jioni ile alimwomba mkewe, alimwomba hasa, asije akamwambia mtoto.

"Nimwambie nini?" mkewe aliuliza.

"Unalijua."

"Nalijua. Nilitaka kujua kama na wewe unalijua. Halitatoka kinywani mwangu."

Na halikutoka. Kitinda alikua akiwa kivuli cha baba yake. Dada zake walimpenda baba kwa heshima, kwa mbali, lakini huyu alimpenda kwa kumzoea, akimtania, akimsahihisha, akimfunga kamba za viatu mgongo ulipomkamata. Mnong'ono hakuwa na mali ya kujivunia. Alikuwa na jambo hilo moja.

"Achana na mchezo huo," alimwambia mkewe sasa. "Mpe mwingine hiyo sehemu. Mtoto atakuwa mlangoni anauza tiketi, ataingia, ataona."

"Ataona nini? Neno si halimo?"

"Ataniona mimi!"

Mkewe alimtazama muda mrefu. Hapo ndipo Mnong'ono alipoelewa kwamba mtoto alikuwa amemwona zamani, tangu karatasi za kwanza. Alikuwa akimcheka mezani kila jioni, kwa upendo, kama mtu anavyowacheka wazee wake. Jambo moja tu hakulijua.

"Nilikuahidi," mkewe alisema, "na mimi ahadi sivunji. Lala."

*

Jumapili asubuhi Mnong'ono alilitoa koti kabatini mwenyewe, akalipangusa mabega, akamwekea mkewe kitini. Ilikuwa namna yake ya kuomba msamaha, na namna hiyo ina faida kwamba mtu hatamki lolote. Mkewe alilikunja akalitia kwenye mkoba, akasema ahsante.

Ukumbi wao ulikuwa ghala la zamani la saruji. Ukipiga makofi sana vumbi linashuka. Alasiri ile lilishuka kweli. Waliochana mabango walikuja wote, na wake zao. Kinyozi alikaa safu ya pili. Kitinda aliuza tiketi hadi viti vikaisha, akaingia, akakaa chini mbele kabisa, magoti kifuani. Pazia lilikuwa na tundu la nondo usawa wa jicho la mkumbushaji, na kwa tundu lile Mnong'ono aliona midomo ya binti yake ikifuatisha mchezo, neno kwa neno, bila sauti.

Mambo yalikwenda vizuri. Ndevu, fundi wa gereji aliyeigiza mke, alikuwa amekataa katakata kunyoa. Alilala kitandani na kilemba kichwani na kidevu kama brashi, akigumia, na watu walikuwa hoi kwa kucheka. Kisha Mama Kengele, na joho jeupe, akainua furushi la nguo. "Hongera," akasema. "Binti."

Kicheko kilipungua. Nje ya mlango wa mbao mtu alikohoa.

Mkewe aliingia na koti. Mazoezini hakuwahi kulivaa, na Mnong'ono hakuwahi kuona mgongo wake mwenyewe. Aliuona sasa, umesimama miguuni pa kitanda, bega la kushoto chini kidogo kwa uzito wa begi la kazini la miaka mingi. Mkewe alinyamaza. Akazidi kunyamaza. Halafu mkono wake ukapanda taratibu, ukashika kifungo cha kati, ukakifunga, ukakifungua, ukakifunga.

Mkumbushaji aliuona mkono.

Kwake yeye, mkono kwenye kifungo ni mwigizaji anayezama. Hakujua, na nani angemwambia, kwamba ndivyo afanyavyo yeye mwenyewe kila akikosa la kusema: kwenye misiba, mbele ya bosi, miguuni pa kitanda cha wodini. Mkewe hakuwa amesahau chochote. Alivaa koti la mumewe na mkono ukafanya wenyewe kile ulichokiona miaka yote ya ndoa. Ila Mnong'ono aliona mwanamke asiyesahau amesahau, na ukumbi mzima unasubiri, na hofu ikamshika. Karatasi ilikuwa magotini. Hakuitazama. Macho yalikuwa kwenye koti, na koti lilikuwa wodini, na maneno mawili ya mwanzo yakaja yenyewe.

"Si kitu."

Wala haukuwa mnong'ono. Ilikuwa sauti yake kamili, ya nyumbani, yenye huruma.

Ilifika hadi safu ya nyuma. Mtu mmoja alicheka, "Pazia linasema!" lakini hakuungwa mkono. Ndevu alifumbua jicho moja. Mkewe aligeuza kichwa kuelekea pazia, na Mnong'ono aliuona uso wake ukiwa umepoteza uigizaji wote. Kisha akaugeuzia kitanda. Maneno yalikuwa yametolewa, angeweza kuyaokota, wengine wangeyaokota. Yeye alisema kwa sauti thabiti kile kilichoandikwa: "Mungu katupa alichotupa."

Ahadi yake aliitimiza hadi mwisho. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, na aliyejikwaa hakuwa yeye.

Mnong'ono aliweka jicho kwenye tundu. Midomo ya Kitinda ilikuwa imeacha kufuatisha. Mchezo uliendelea, watu wakacheka tena, wakalia, wakapiga makofi hadi vumbi likawafanya wakohoe, na midomo ile haikufunguka tena.

*

Alitaka kutoka kwa mlango wa nyuma, lakini Mama Kengele alimkamata mkono. "Mnong'ono! Umetuficha kipaji hicho tangu lini?"

"Nilikosea mstari. Nisamehe."

"Usinitanie. Ukumbi ulisimamisha pumzi! Mume jukwaani anasema la watu, na nyuma ya pazia linasikika la moyoni. Jumapili ijayo urudie vile vile, na huruma ile ile."

"Halimo kwenye karatasi."

"Si una kalamu? Liandike." Akatikisa kengele yake kwa furaha na kwenda kuwakumbatia wengine.

Hakuwa amefika mlangoni alipozuiwa na mama mmoja mzee kidogo, mke wa kinyozi. Alikuwa ameshika leso. "Mwanangu, ni wewe uliyesema lile neno?"

"Ni mimi, mama."

"Na mimi niliambiwa hilo hilo," akasema mama yule. "Nikadhani ni mimi tu. Ahsante." Akampa mkono kwa mikono miwili, akiushika kwa heshima kubwa, kama mtu anayempa pole mfiwa. Mnong'ono alitamani aseme, mama, usinishukuru, mimi ndiye mwenyewe. Badala yake alipokea shukrani isiyo yake na kuondoka nayo.

Walirudi nyumbani watatu pamoja. Mkewe alikuwa bado na koti. Kitinda alitembea katikati yao, mahali pake pa siku zote, lakini hakumshika baba yake mkono kuvuka barabara.

*

Nyumbani mkewe alilivua koti, akalitundika msumarini, akaenda kuinjika chai. Mnong'ono alikaa mezani. Hakukohoa mlangoni alipoingia. Alikumbuka kutokohoa, na hata hilo likamwaibisha.

Kitinda alikaa mbele yake.

"Baba, 'Si kitu' iko ukurasa gani?"

"Haimo. Nilikosea."

"Hujawahi kukosea."

"Leo nimekosea."

"Lile neno ulilitoa wapi?"

Jikoni sufuria ilinyamaza. Mnong'ono alipeleka mkono kifuani, hakukuta kifungo, alikuwa na shati tu. "Nililisema zamani," alisema. "Hospitalini."

"Siku ya nani? Ya Dada Mkubwa?"

Hapo mlango ulikuwa wazi. Angeweza kupita. Kusema ndiyo, siku ya Dada Mkubwa, ingekuwa rahisi, na mkewe asingemsuta. Alijua kabisa asingemsuta. Alifungua kinywa kwa ajili ya uongo huo, akamwona binti yake anamtazama midomo, kama alivyofundishwa tangu utotoni kutazama midomo ya msomaji.

"Yako," alisema.

Kitinda aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu anayehakikisha hesabu aliyokwisha kuipiga. "Mkumbushaji anatoa mawili tu," akasema. "Yaliyobaki?"

"Mwanangu..."

"Yaliyobaki, Baba."

"'Mke wangu. Tutajaribu tena.'"

"Mkajaribu?"

"Tulijaribu."

"Hamkupata."

"Hatukupata."

Mama yake aliingia na birika, na Kitinda akainuka akaipokea, maana alikuwa mtoto aliyelelewa. Akamimina kikombe cha baba yake kwanza, kama ilivyo kawaida. Macho yake hayakuwa kwenye kikombe, na chai ikapita ukingo, ikatiririka mezani, ikammwagikia baba yake mapajani, pale zinapokaa karatasi.

"Samahani, Baba," alisema.

Mnong'ono alifungua kinywa. Kuna jibu moja tu kwa samahani ya aina hiyo, jibu lile lile la wodini, ambalo kila mtu hulitoa bila kufikiri, mara ngapi kwa siku, kwa majirani, kwa wapita njia waliomkanyaga. Lilikuja hadi kwenye ulimi. Likakaa hapo. Chai ilimchoma na hakusogea. Mkewe alisimama na kitambaa cha kufutia, hakufuta. Kitinda alisubiri, birika mkononi, anamtazama kama mtu anavyomtazama mwigizaji aliyekwama mbele ya watu.

Kisha akainama, akaweka mdomo karibu na sikio la baba yake, na kwa mnong'ono aliofundishwa naye, safi, usioshtua panya, akampa maneno yake mawili.